Virusi na magonjwa yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa udaktari

Maswali haya yametoka kwenye kikundi cha kusomea, jioni baada ya wodi, pale Mkenya, Mtanzania, Mkongo na Mganda wanapoketi meza moja na kujikuta wakielewana kwa Kiswahili. Majina ya kitaalamu nimeyaacha karibu na yalivyo kwa sababu mtihani hautakuja kwa Kiswahili. Kuelewa, hata hivyo, elewa kwa lugha unayoiotea ndoto.

## Misingi

Kirusi ni kiumbe hai au si hai?

Inategemea umekikuta wapi. Nje ya seli kirusi ni kifurushi tu: kipande cha DNA au RNA kilichofungwa ndani ya ganda la protini liitwalo kapsidi. Hakili, hakipumui, hakikui. Kikishaingia ndani ya seli kinateka ribosomu (viwanda vya protini vya seli), nishati na malighafi ya mwenyeji, na nakala zake huanza kuundwa kwa mamia na maelfu. Huwa nawaambia wanafunzi wafikirie barua yenye amri. Ikiwa mezani ni karatasi. Matata huanza pale mtu anapoifungua na kuitii.

Kwa wanaoandika ripoti: kimoja ni kirusi, vingi ni virusi.

Mbona antibiotiki haziviui?

Kwa sababu hakuna cha kupiga. Penisilini hulenga ukuta wa seli ya bakteria, na kirusi hakina ukuta. Dawa nyingine hulenga ribosomu za bakteria, ambazo ni tofauti na zetu, na kirusi hakina ribosomu yake, kinatumia zako. Ndiyo maana dawa nzuri dhidi ya virusi hulenga kile kidogo ambacho kirusi kimekuja nacho chenyewe, hasa vimeng'enya vyake. Mtoto mwenye surua aliyepata nimonia ya bakteria juu yake ni habari nyingine: huyo anapewa antibiotiki, kwa ajili ya bakteria.

RNA chanya na RNA hasi zinatofautiana nini, na inanihusu nini?

Inakuhusu kuliko unavyodhani. RNA chanya husomwa na ribosomu moja kwa moja, kama vile ni mRNA ya seli yenyewe. Polio, homa ya manjano, Zika, rubela na virusi vya korona viko hapa. RNA hasi haisomeki mpaka inakiliwe kwanza kuwa chanya, na seli zetu hazina kimeng'enya cha kunakili RNA ya virusi hivyo. Kwa hiyo kirusi cha RNA hasi lazima kije na polimerasi yake mfukoni. Surua, matubwitubwi, mafua, kichaa cha mbwa, Ebola na Marburg ni vya kundi hili.

VVU huwachanganya wengi. RNA yake ni chanya kwa mwelekeo, lakini haipelekwi kwenye ribosomu ikiingia. Kimeng'enya chake huigeuza kuwa DNA, na kingine, integresi, huipachika ndani ya jenomu ya seli. Hapo ndipo dolutegravir, dawa ya VVU, hufanya kazi yake: inazuia kupachikwa. Na ndiyo sababu dawa za VVU hazimalizi ugonjwa hata zikishusha kiasi cha virusi damuni hadi kisionekane. Kilichokwisha kupachikwa kimekwisha kupachikwa.

Kuna kanuni fupi za kuanzia, badala ya jedwali zima?

Zipo, pamoja na vichwa ngumu vyake. Virusi vya DNA vina nyuzi mbili, isipokuwa parvo yenye mmoja. Huzaliania ndani ya kiini cha seli, isipokuwa jamii ya poksi, ambayo hubaki nje ya kiini na hivyo inabeba vimeng'enya vyake yenyewe. Virusi vya RNA vina uzi mmoja, isipokuwa jamii ya reo, ambamo yumo rota na vipande vyake 11 vya nyuzi mbili. Huzaliania nje ya kiini, isipokuwa mafua na virusi vya jamii ya VVU.

Halafu kuna kirusi cha homa ya ini B, ambacho ni cha DNA lakini kinapitia RNA na kurudi DNA kwa kimeng'enya kinachofanana na cha VVU. Ukilijua hilo hutashangaa kwa nini dawa ya tenofovir inatibu vyote viwili.

Nani ana koti na nani yuko uchi?

Koti ni utando wa mafuta ambao kirusi hukwapua kutoka kwenye seli kinapotoka. Kwa virusi vya DNA visivyo na koti mimi hutumia neno PAPA: Parvo, Adeno, Papiloma, na polioma ambayo nimeibana kwenye herufi ya mwisho kwa kuwa jina lake linaishia na A. Si ufundi mkubwa, lakini papa naye hana koti na hutamsahau. Kwa upande wa RNA walio uchi ni pikorna (polio, homa ya ini A), kalisi (noro), reo (rota) na hepevirusi (homa ya ini E).

Sasa tazama mantiki yake. Mafuta huyeyushwa na sabuni, spiriti na pia nyongo. Kirusi chenye koti hupata shida sana kuvuka tumbo na utumbo, kwa hiyo vinavyosambaa kwa kinyesi na maji machafu karibu vyote viko uchi: A na E kati ya homa za ini, polio, rota, noro. Kinyume chake Ebola, kwa ukali wake wote, ina koti, na ndoo ya maji ya klorini mlangoni pa wodi inaiweza. Noro huidharau jeli ya spiriti. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka ili iondoke mkononi.

## Magonjwa yasiyokosa kwenye mtihani

Kwa nini kila mhadhiri Kampala anarudia habari ya Burkitt?

Kwa sababu ilitokea hapa, na kwa sababu inafundisha karibu kila kitu. Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland, alikuwa hospitali ya Mulago miaka ya 1950 alipoona watoto wenye uvimbe wa taya, mara nyingine taya zote mbili, uliokua haraka mno. Aliuandika mwaka 1958. Kisha akauliza swali la mtu wa ramani zaidi ya la mpasuaji: unatokea wapi? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kwenda kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali. Uvimbe ulifuata joto na mvua. Kwa maneno mengine, ulifuata ukanda wa malaria.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikia akihadhiri London na akashuku kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na kwa muda mrefu havikuonyesha kitu. Shehena moja ilichelewa kwa sababu ya ukungu uliolazimisha ndege itue Manchester. Umajimaji ulipofika ulikuwa na ukungu wake pia, ungedhani umeoza. Kumbe zilikuwa seli hai za uvimbe zikielea. Zikakuzwa, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaonyesha kirusi kwa hadubini ya elektroni. Ndiyo EBV (kirusi cha Epstein-Barr), kirusi cha nne cha hepe (herpes) cha binadamu.

Mtihani utataka haya: EBV huingia seli B (chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili) kwa kushika CD21, protini iliyo juu ya seli hizo. Uhamisho wa kromosomu ya 8 na 14 huiweka jeni ya MYC, inayosukuma seli igawanyike, jirani na jeni ya kingamwili, sehemu ambayo seli B haizimi kamwe. Malaria ya falciparum huchochea seli B zigawanyike ovyo na kudhoofisha ulinzi wa seli T. Kwenye hadubini utaona anga lenye nyota: makrofaji weupe wakiwa wametapakaa katikati ya bahari ya seli nyeusi. Na tafadhali, usiandike kwamba EBV peke yake husababisha saratani hii. Karibu sote tumeambukizwa tangu utotoni na taya zetu ni nzima.

EBV hiyohiyo, ikimpata kijana mkubwa kwa mara ya kwanza, huleta homa, koo na tezi za shingo kuvimba, na wengu kukua. Zile seli za ajabu kwenye damu ni seli T zinazopigana, wala si seli B zilizoambukizwa. Akipewa amoksilini hutokwa na vipele.

Na saratani ya Kaposi?

Hiyo ni kirusi cha nane cha hepe, kilichogunduliwa mwaka 1994. Uvimbe wenyewe ulijulikana Uganda miaka mingi kabla ya UKIMWI. VVU viliuzidisha na kuufanya mkali. Mabaka ya zambarau ngozini, ndani ya kinywa, kwenye mapafu. Angalia kaakaa kila mara.

Mkanda wa jeshi ni ugonjwa mpya au ni ule wa tetekuwanga?

Ni uleule. Kirusi cha tetekuwanga hakiondoki; hulala kwenye vifundo vya neva karibu na uti wa mgongo na kuamka kinga ikishuka. Malengelenge hufuata eneo la neva moja, upande mmoja, bila kuvuka mstari wa kati. Waswahili wameuita mkanda, Waganda wanauita kisipi, ambao nao ni mkanda. Wote walichungulia anatomia kabla ya vitabu vyetu kufika.

Ukimwona kijana wa miaka 25 ana mkanda wa jeshi, zungumza naye kuhusu kupima VVU siku hiyohiyo.

Nitazitofautisha vipi homa za ini?

A na E: kinyesi na maji, hakuna koti, kwa kawaida hazikai sugu. Ya E ikumbuke kwa mama mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, ambako huua. Mlipuko ulioanza Kitgum mwaka 2007, kwenye kambi za waliokimbia vita, ulipita wagonjwa 10,000, na sababu zake zilikuwa maji na vyoo, si siri ya kisayansi.

B, C na D: damu na majimaji ya mwili. C ni RNA, huwa sugu kwa wengi, na leo inatibika ikaisha. D ni kirusi kilemavu ambacho hakiwezi kutoka bila koti la B, kwa hiyo chanjo ya B huzuia vyote viwili. B ndiyo ya kukaa nayo. Mtoto mchanga akiipata kutoka kwa mama, uwezekano wa kuwa sugu ni karibu asilimia 90. Mtu mzima ni chini ya asilimia 5 hivi. Sugu maana yake ni kovu la ini na saratani ya ini baadaye.

Vipimo vya homa ya ini B vinanichanganya. Nianzie wapi?

Anza na HBsAg, protini ya uso wa kirusi. Ipo: kirusi kipo mwilini. Ipo zaidi ya miezi sita: ni sugu. Kisha uliza kingamwili dhidi ya HBsAg. Ikiwepo, mtu amekingwa, ama kwa chanjo ama kwa kuugua na kupona. Kinachowatenganisha wawili hao ni kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi: chanjo haina kiini, kwa hiyo aliyechanjwa tu hana kingamwili hiyo. HBeAg, protini nyingine ya kirusi, inakwambia kirusi kinazaliana kwa wingi na mgonjwa anaambukiza sana.

Mtego ni wiki chache katikati, ambapo HBsAg imekwisha toweka na kingamwili yake bado haijaonekana. Hapo utakuta IgM (kingamwili ya mwanzo) dhidi ya kiini peke yake. Mwanafunzi anayesema "vipimo ni safi" amemwachia mgonjwa aende.

Mtoto ana vipele na homa. Surua, rubela, tetekuwanga au mpox?

Surua: kikohozi, mafua na macho mekundu kwa siku kadhaa, kisha vipele vinavyoanzia usoni na kushuka. Kabla ya vipele, mulika ndani ya shavu utafute vidoa vyeupe vya Koplik. Mpe vitamini A. Watu wazima wengi Kampala wataita olukusense, na mara nyingi mama anakuwa sahihi kabla yako.

Rubela ni nyepesi, vipele vya siku tatu, tezi zimevimba nyuma ya masikio. Uzito wake uko tumboni mwa mjamzito: mtoto huzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi na mshipa wa moyo usiofunga. Uganda iliingiza chanjo ya surua pamoja na rubela mwaka 2019.

Tetekuwanga huonyesha vipele vya umri tofauti mahali pamoja: kimoja chekundu, kimoja lengelenge, kimoja kigaga. Vya mpox, iliyoingia Uganda mwaka 2024, katika eneo moja la mwili huwa vya umri mmoja, vigumu ukivigusa, na tezi huvimba. Wagonjwa halisi hawajasoma vitabu, kwa hiyo ukishuku peleka sampuli maabara.

Kwa nini mtoto wa selimundu huishiwa damu ghafla?

Kama retikulosaiti (chembe nyekundu mpya zilizotoka tu kwenye uboho) zimeshuka hadi karibu hakuna, fikiria parvo B19. Kirusi hiki huua chembe changa za damu nyekundu kwenye uboho. Mtu mwenye afya husimamisha uzalishaji wiki moja na asijue, kwa kuwa chembe zake huishi siku 120. Za mwenye selimundu huishi siku chache mno, kwa hiyo wiki bila kiwanda inamlaza. Kama retikulosaiti ziko juu na wengu umevimba, damu imekwama ndani ya wengu. Hilo si parvo. Kwa mjamzito B19 huweza kumfanya mtoto tumboni avimbe maji mwili mzima kwa upungufu wa damu.

Mtu ameng'atwa na mbwa jana. Chanjo leo itasaidia nini?

Itasaidia sana, kwa sababu kirusi cha kichaa cha mbwa husafiri polepole, kikipanda ndani ya neva kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Kuna muda wa kinga kukiwahi. Osha jeraha kwa sabuni na maji dakika 15 (kumbuka koti), toa chanjo, na kwa jeraha baya ongeza kingamwili zilizotengenezwa tayari, zichomwe palepale penye jeraha. Akianza kuogopa maji, umechelewa. Kwenye ubongo hupatikana vijumbe vya Negri, hasa katika seli za Purkinje za serebela.

HPV (kirusi cha papiloma) husababishaje saratani ya mlango wa kizazi?

Aina ya 16 na 18 zina protini mbili: E6 huiharibu p53, E7 huishika Rb. Breki zote mbili za seli zimekatwa. Aina ya 6 na 11 huleta masundosundo ya sehemu za siri na hazina hatari hiyo.

## Virusi vya nyumbani

Ni kweli Zika ni msitu wa hapa?

Ni kweli, uko karibu na Entebbe. Mwaka 1936 wakfu wa Rockefeller ulianzisha Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Wakitafuta homa ya manjano, wakapata vingine. Mwaka 1937 walikipata kirusi cha West Nile kwa mwanamke mwenye homa, mkoa wa West Nile. Mwaka 1947 walikipata cha Zika kwa nyani wa utafiti aliyewekwa juu ya mti, na mwaka uliofuata kwa mbu Aedes africanus. Msitu wa Semliki nao umetoa jina lake kwa kirusi kingine.

O'nyong-nyong iliibuka kaskazini mwaka 1959, na jina ni la Kiacholi, la viungo vinavyouma na kudhoofika. Ni ndugu wa chikungunya, ambayo jina lake ni la Kimakonde, Tanzania. Swali la mtego: arbovirusi (virusi vinavyoenezwa na wadudu) nyingi zinazowashughulisha wanafunzi huenezwa na Aedes au Culex, lakini o'nyong-nyong huenezwa na Anopheles, mbu yuleyule wa malaria.

Kwa nini chanjo ya Ebola haikufaa Mubende?

Kwa sababu Ebola si moja. Chanjo ya Ervebo imetengenezwa dhidi ya aina ya Zaire. Mlipuko wa Mubende wa mwaka 2022 ulikuwa wa aina ya Sudan, ileile iliyoipiga Gulu mwaka 2000 na kuua watu 224 kati ya 425, akiwamo Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor. Mwaka 2007 Bundibugyo ilitupa aina nyingine kabisa, ikabeba jina la wilaya. Mwanafunzi akiandika "Ebola" bila kutaja aina, mimi humkata alama nusu.

Marburg ni binamu. Jina ni la mji wa Ujerumani ambako wafanyakazi wa maabara waliugua mwaka 1967, lakini nyani waliowaambukiza walikuwa wamesafirishwa kutoka Uganda. Miaka 40 baadaye wachimba madini wa Kitaka waliugua, na kirusi kikapatikana kwa popo wa matunda wanaoishi mapangoni.

## Mitego na hali za pembeni

Mtoto wa miezi minne amepima VVU kwa kipimo cha haraka, kimetoka chanya. Ameambukizwa?

Hujui bado. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na za mama huvuka kondo na kubaki kwa mtoto hadi kufikia miezi 18. Mfanyie PCR, inayotafuta kirusi chenyewe. Ni kinyume kwa IgM: haivuki kondo, kwa hiyo ukiikuta kwa mtoto mchanga, ni yake.

Asiklovia inatibu hepe; mbona inashindwa kwa CMV (saitomegalovirusi), naye wa jamii hiyohiyo?

Asiklovia ni dawa iliyolala, na huamshwa na kimeng'enya cha thimidini kinasi cha virusi vya hepe simpleksi na tetekuwanga. CMV haina hicho. Ina kinasi tofauti inayoamsha gansiklovia. Mgonjwa wa VVU mwenye CD4 (hesabu ya seli za kinga) chini ya 50 anayelalamika kuona madoa yanaelea, mpeleke aangaliwe retina. Mwenye homa, kuchanganyikiwa na kifafa, sehemu ya pembeni ya ubongo (temporal lobe) ikionyesha tatizo, shuku hepe simpleksi ya ubongo na uanzishe asiklovia ya mshipa kabla majibu hayajarudi.

Surua ikipona imekwisha?

Kwa karibu wote, ndiyo. Wachache sana, miaka saba hadi kumi baadaye, huanza kushuka darasani, kisha kushtuka viungo, kisha kupooza. Ni kirusi cha surua chenye kasoro kilichojificha ubongoni. Hakina tiba ya kukiondoa.

Mtu aliyepona Ebola anaweza kumwambukiza mwenziwe?

Anaweza, hata damu yake ikiwa safi. Kirusi hujificha kwenye sehemu ambazo kinga haifiki kwa urahisi, hasa korodani na ndani ya jicho, kwa miezi mingi. Ndiyo maana mwanamume aliyepona huombwa atumie kondomu na arudi kupimwa shahawa mpaka vipimo viwili mfululizo vitoke bila kirusi. Mwambie mapema, mkiwa wawili tu, wala si siku ya kuruhusiwa mbele ya ukoo mzima.